Akililia wembe, mpe mkanda kwanza

Vijana wanaokuja kunyoa kibarazani kwangu Ngamiani, Tanga, wameanza kuulizia kitu ambacho rika la baba zao lilikitupa: wembe wa kukunja, ule wenye mpini, unaofunguliwa kama kisu cha mfukoni. Wameuona kwenye simu. Wanataka kujua unauzwa wapi, ni bei gani, na kama kweli unazidi mashine. Nafurahi wakiuliza. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayeuliza unanolewaje.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa wembe huu mimi nina sharti: mpe mkanda wa kunolea kwanza. Wengi wanaoukimbia baada ya kujaribu hawashindwi na mkono wao, wanashindwa na makali. Wembe butu hautelezi, unang'ang'ania nywele. Mtu akiona haukati, anakaza mkono na kuinua mgongo wa wembe ili ung'ate. Hapo damu inatoka, na wembe unapewa jina la muuaji.

Anayedhani natia chumvi atazame jinsi kazi ya kunoa ilivyopotea. Mafundi wa Sheffield, Uingereza, walipata feleji ya kushika makali membamba baada ya Benjamin Huntsman kuanza kuiyeyusha kwenye vyungu miaka ya 1740, na mji wa Solingen, Ujerumani, ukajenga sifa yake kwa visu na nyembe. Kisha mwaka 1903 Mmarekani King C. Gillette akaingiza sokoni kifaa chake cha wembe mwembamba wa kutupa. Mwaka huo aliuza vifaa 51 tu. Mwaka uliofuata vilipita 90,000. Watu walikuwa wakinyoa vizuri hata kabla yake. Alichowauzia ni kuepukana na kunoa. Basi anayetaka kurudi kwenye wembe wa kukunja ajue kwamba ameirudia kazi ileile ambayo Gillette aliwaondolea babu zake.

Tuanze na kununua. Ujerumani inalilinda jina la Solingen kwa sheria tangu 1938, lakini mitaani nimeliona limechorwa kwenye nyembe zisizojua hata njia ya kwenda Ujerumani. Usidanganywe na mpini unaometameta. Ulaze wembe juu ya kioo: mgongo na makali vikae vyote pamoja. Ukiyumba, umepinda, mrudishie mwenyewe. Kama ni wa zamani, kutu ya juu juu husafishika, ila ufa kwenye makali hauna dawa. Chagua upana wa inchi 5/8, yaani milimita 16 hivi, kwa kuwa ni mwepesi kuuongoza, na ncha yake iwe ya mviringo. Ncha kali ya pembe hutoboa sikio la mwanafunzi kabla hajajua mkono wake umefika wapi.

Sasa mkanda. Ufunge kwenye ndoano imara, uvute ukakamae, maana mkanda uliolegea hutia makali ubutu badala ya kuyanyoosha. Laza wembe bapa, mgongo na makali vyote viguse ngozi. Uburuze mgongo ukiwa mbele na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, uviringishe juu ya mgongo, kamwe usiugeuze juu ya makali, kisha urudi. Safari 30 hivi za kwenda na kurudi kabla ya kila kunyoa zinatosha. Vijana wangu wa kibarazani nawaanzisha kwa kisu cha mezani cha kupakia siagi. Wanacheka, lakini kisu hicho hakikati mkanda wala kidole, na kiganja kinazoea ule mgeuko.

Jiwe ni somo la baadaye. Kinoo cha kunolea panga kina chenga kubwa mno na kitauharibu wembe kwa dakika moja. Mawe ya wembe hupangwa kwa namba za ulaini: 1,000 kuyajenga makali upya, 4,000 na 8,000 kuyang'arisha. Mwanafunzi asijisumbue nayo. Amlipe anayejua amnolee mara ya kwanza, halafu ayatunze makali hayo kwa mkanda. Anayenyoa nyumbani peke yake anaweza kukaa miezi kadhaa bila kurudi kwenye jiwe. Kujua kama uko tayari, upitishe juu ya vinyweleo vya mkono bila kugusa ngozi. Visipokatika, uso usubiri.

Vikikatika, oga kwanza. Mwenzako akinyolewa zako tia maji, na methali hiyo ni sahihi hata kwa kinyozi: ndevu kavu ni ngumu, zikilowa maji ya vuguvugu dakika mbili tatu hulainika. Paka povu zito la sabuni. Siku za mwanzo nyoa shavu tu, kuanzia chini ya sharafa, na kwingine kote umalizie kwa wembe uliouzoea. Kidevu na kikoromeo vina mikunjo, viache mpaka mkono utulie. Acha nafasi kati ya mgongo wa wembe na ngozi iwe kama unene wa mgongo huo mara mbili, ndiyo nyuzi 30 hivi. Fuata ndevu zinakolalia, kwa mipito mifupi, na usiuburuze wembe kwa ubavu hata kidogo. Ukikuponyoka, uache uanguke. Wembe mwingine utanunua, vidole huna vingine. Ukimaliza, nawa maji baridi na upitishe shabu, itakufungia vijikato vidogo.

Wapo wanaoutaka wembe huu wakiamini utawaponya vipele vya ndevu. Hapo nitasema ukweli hata nikipoteza mteja. Kwetu wenye nywele za kipilipili, unywele uliokatwa chini mno hujikunja na kurudi kuchoma ngozi kutoka ndani. Ukiivuta sana ngozi na kunyoa kinyume cha ndevu, wembe mkali utakuzidishia vipele. Pita mara moja tu, ukifuata malalo, na uridhike na uso ambao si laini kama yai. Ambaye vipele vyake ni sugu afuge ndevu, amuone daktari wa ngozi.

Na sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Hewa ya chumvi huila feleji usiku mmoja. Ukimaliza kunyoa, ufute wembe mpaka ukauke hadi ndani ya mpini, upake tone la mafuta ya cherehani, na usiuhifadhi bafuni.

Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kuupangusa wembe haraka kwa pamba yenye spiriti hakutoshi. Ndiyo maana wangu haugusi uso wa mteja, hata awe rafiki. Wateja nawanyoa kwa kishikio cha nusu wembe, na nusu hiyo huishia kwenye kopo la taka mara tu wanapoinuka. Wala usidhani kishikio hicho ni njia rahisi ya kujifunzia. Wembe wake ni mwembamba na mkali mno, huuma upesi kuliko wembe halisi ulionolewa vizuri.

Kwa hiyo kijana, ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua mkanda na ujifunze kwa kisu cha mezani, wembe utakukuta tayari. Usiuazime, usiuazimishe, hata kwa ndugu yako wa damu. Na ukikaa kwenye kiti cha kinyozi, mimi nikiwamo, dai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako. Akikunja uso, inuka uende kwa mwingine.