Leseni ya Bondia si Risiti

Wapo wanaoichukulia leseni ya bondia wa kulipwa kuwa karatasi tu: kijana hulipa ada, hupigiwa muhuri, akapanda ulingoni. Mimi nashikilia kwamba leseni ni ahadi. Anayeitia sahihi anauambia umma kuwa kijana huyu amepimwa na kwamba mwili wake waweza kustahimili makonde.

Sisi Wakenya tunayo sababu ya kulitafakari jambo hili. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka wa 1988, kisha akajiunga na ndondi za kulipwa. Mnamo Julai 1994, mjini Las Vegas, refa alisimamisha pigano lake na David Gonzalez. Wangila alilalamika, akitaka kuendelea. Muda si muda alipoteza fahamu, na hakuzinduka tena. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Jimbo la Nevada lilikuwa na tume ya kusimamia ndondi tangu 1941. Basi tusijidanganye kwamba leseni huondoa hatari. Hata hivyo, kisa hicho chatufunza kuwa bondia si hakimu mwema wa afya yake mwenyewe. Moyo wa ushindani humziba macho. Ndiyo maana uamuzi lazima uwe mikononi mwa mwingine, na ufanywe mapema, kabla kengele haijalia.

Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa mabondia mwaka wa 1996. Hapo awali, bondia aliyeangushwa katika jimbo moja aliweza kuvuka mpaka na kupigana kwingine kabla ya kupona. Sheria hiyo ilidai kitambulisho, uchunguzi wa daktari kabla ya pigano, daktari kando ya ulingo, na bima ya matibabu. Aliyezuiwa katika jimbo moja kwa sababu ya afya azuiwe kwingine pia.

Msomaji ataniuliza: je, mamlaka hayo hayawezi kutumiwa vibaya? Yanaweza. Mwaka wa 1967 Muhammad Ali alipokonywa leseni mjini New York kwa kukataa kuingia jeshini. Mwaka wa 1970 mahakama iliamuru arudishiwe, kwa kuwa wengine waliokwisha kuhukumiwa kwa uhalifu walikuwa wamepewa leseni. Kwa hivyo anayenyimwa aelezwe sababu kwa maandishi, na awe na pa kukata rufani.

Na gharama ya vipimo? Naona ibebwe na promota anayeuza tiketi, si kijana asiye na nauli.

Nanyi walimu, mwanafunzi wenu mwenye ngumi nzito akiletewa mkataba, msimshangilie tu. Mfunzeni kuuliza: ni daktari gani atakayenipima? Nani atalipa nikiumia? Nani ana uwezo wa kunikataza? Promota asiye na majibu hastahili sahihi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na uhai wa kijana haujengeki mara ya pili.