Ile video ya mjomba akikoroma: ifuteni

Nianze na kosa langu kabla hamjanikumbusha. Mwaka jana niliposti video ya mjomba wangu amelala mkekani barazani, hapa Ukunda, anakoroma mpaka paka anaamka na kuhama. Nikaiwekea honi ya feri ya Likoni juu yake. Ikabamba vibaya sana. Watu wakaandika ati huo ndio usingizi wa pono, wengine ati wanamwonea wivu, wao hawajalala hivyo tangu shule ya msingi.

Sasa sikiza. Ile sehemu iliyowachekesha zaidi ni pale anaponyamaza. Anakoroma, kimya, halafu anashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Baadaye niliirudia nikahesabu. Sekunde 22. Sekunde 22 mtu hapumui, na mimi nimesimama juu yake na simu nikijizuia kucheka.

Hiyo si pono. Ule ni ugonjwa, unaitwa apnia ya usingizi. Ukilala, misuli ya koo na ulimi hulegea. Kwa watu wengine njia ya hewa inajifunga kabisa, kifua kinahangaika kuvuta na hakuna kinachoingia. Oksijeni inashuka, ubongo unapiga kengele, mtu anazinduka nusu, anavuta, analala tena. Asubuhi hakumbuki. Madaktari wanahesabu kila kituo cha sekunde 10 au zaidi. Ukifikisha vituo 5 kwa saa hauko sawa, ukipita 30 umefika pabaya. Fanya hesabu: 30 kwa saa ni kila dakika mbili, usiku kucha. Halafu tunamwambia mtu huyo "umelala fofofo".

Mjomba alikuwa na dalili zote na sisi tulikuwa na jibu kwa kila moja. Kuamka na kichwa kinauma: jua la jana. Kwenda msalani mara tatu usiku: uzee. Hasira za bure: ndivyo alivyo. Kusinzia katikati ya maneno: kazi nyingi. Kushtuka usiku akikabwa: jini. Mkaza mjomba alimpeleka akasomewa, akanywa kombe. Mimi dua sizipingi, hata mimi huombewa. Lakini kisomo na kipimo havigombani, na hapa kwetu tunafanya kama vinagombana. Koo likijifunga hujihisi umekabwa kwa sababu kweli umekabwa, na anayekukaba ni ulimi wako mwenyewe.

Na msiniletee ile ya "ni watu wanene tu". Unene unaongeza hatari, ndiyo. Lakini mjomba ni mwembamba kama mlingoti wa ngalawa. Shida yake ni taya la chini, dogo na limerudi nyuma, kwa hivyo ulimi hauna pa kukaa. Nani aligundua? Daktari wa meno.

Hapa ndipo mtanisamehe nipandishe sauti. Sisi wa pwani ya kusini tukisikia daktari wa meno tunasikia koleo. Tunaenda jino likishaoza, ling'olewe, twende zetu. Vijana tumeongeza sababu moja tu, meno yawe meupe ya kupigia picha. Mjomba naye alienda kung'oa. Yule dada akamwambia afungue mdomo, akaangalia, akaacha jino kwanza. Meno yamesagika juu kama ameyapiga msasa. Kingo za ulimi zina alama za meno. Koo jembamba. Akamwuliza, "Baba, unakoroma?" Mkaza mjomba akajibu yeye kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Hakumwambia una ugonjwa. Alimwandikia barua akapimwe usingizi, na hiyo ndiyo kazi inavyotakiwa kwenda: daktari wa meno anashuku, kipimo cha usiku kinathibitisha, daktari anasoma majibu. Mjomba alilala na waya kidoleni na mkanda kifuani. Vituo 21 kwa saa.

Tiba inayojulikana zaidi ni mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha. Ilibuniwa na Colin Sullivan kule Sydney, majibu yake yakachapishwa 1981, na mpaka leo kwa ugonjwa mkali ndiyo ya kwanza. Inataka umeme usiokatika, na watu wengi wanashindwa kuizoea. Kwa ugonjwa mdogo na wa kati kuna njia nyingine: daktari wa meno anachukua chapa ya meno yako, kinatengenezwa kifaa cha juu na chini kinachovuta taya la chini mbele kidogo, na ulimi unafuata. Njia ya hewa inabaki wazi. Kinarekebishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kisha unapimwa tena ukiwa umekivaa, manake kunyamaza si dalili tosha kwamba umepona. Mate yanakutoka mwanzoni, taya linauma asubuhi, na baada ya muda meno yanaweza kusogea, kwa hivyo lazima urudi kuangaliwa. Si bei ya mahamri pia. Pesa ya chama cha mkaza mjomba iliishia hapo.

Sasa nyinyi wenzangu wa kutengeneza kontenti. Wiki hii nimeona watu watatu wakijibandika selotepu mdomoni ati ni dawa ya kukoroma. Jamani! Mtu ambaye njia yake ya hewa inajifunga, pengine na pua imeziba kwa mafua, unamwambia azibe na mdomo? Mwingine anauza vile vya plastiki vya kuchemsha na kung'ata, havina daktari, havina kipimo. Ukitaka kujua kama mtu ni daktari wa meno kweli, baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha yake mtandaoni. Dakika moja tu. Mnatumia muda mrefu zaidi kuchagua filta.

Sijawaambia mjomba anafanya kazi gani. Anaendesha matatu, Likoni hadi Lunga Lunga. Abiria 14 nyuma yake, wengine ni nyinyi mnaenda chuo. Kwa miaka alikuwa anatafuna muguka ili asisinzie, jioni anakunywa mnazi ili muguka utoke kichwani, na pombe inalegeza koo zaidi, basi usiku unaharibika, kesho muguka tena. Barabarani polisi wana Alcoblow ya kupima pombe. Usingizi hauna cha kupulizia. Desemba 2013 treni iliacha reli pale Bronx, New York, watu 4 wakafa. Dereva alikuwa amesinzia, na alipopimwa baadaye akakutwa na apnia kali ambayo hakuna aliyekuwa ameijua. Pale walikuwa na kila mashine duniani. Sisi hata swali hatuulizi. Kwa nini fomu ya afya ya dereva isimwulize: unakoroma? Unasinzia mchana? Kuna mtu amekuona ukiacha kupumua? Maswali matatu hayagharimu kitu.

Kama kwenu kuna anayekoroma, mrekodi. Ndiyo, mrekodi, sauti na saa, halafu umpelekee daktari, si sisi. Na mtoto anayekoroma kila usiku na kusinzia darasani msimwite mvivu, mara nyingi ni mafindofindo au nyama za nyuma ya pua.

Yangu nimeifuta. Lakini kuna peji tatu bado zinayo, honi ya feri na yote. Nimeziandikia zote. Mbili hazijajibu. Moja imenitumia emoji ya kucheka.