Mnamlilia Lefty, Sonny Black mmemuachia nani?

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, kaposti picha ya Al Pacino akiwa Lefty Ruggiero, chini kaandika kwamba mshkaji wa karibu ndiye anayekumaliza. Wadau wakamwaga makopa kibao. Picha ni ya Donnie Brasco, muvi ya 1997, ambayo Johnny Depp ni kachero wa FBI aliyejipenyeza kwenye Mafia ya New York. Kwenye komenti kachero kawa msaliti, Lefty kawa mzee wa watu.

Mzee wa watu gani? Kwenye muvi hiyohiyo anasema kaua watu 26. Tena analalamika kwamba kwa kazi yote hiyo bado hajapandishwa cheo, utadhani karani aliyerukwa kazini! Na watu wanamuonea huruma.

Halafu ile sini ya mwisho. Lefty anaitwa, anajua harudi, anavua saa, pete na mkufu, anaviacha kwenye droo mwanamke wake avikute. Hapo ndo kila mtu analia. Sasa shikeni hii: Lefty wa kweli hakufa hivyo. FBI walimdaka 1981 kabla genge halijammaliza. Akafungwa, akatoka 1992, akafa kwa kansa 1994. Yaani haohao "wasaliti" ndo waliomuokoa.

Aliyeitwa akaenda ni bosi wake, Sonny Black. Yeye ndiye aliyeacha vito na funguo zake kwa mhudumu wa baa, Brooklyn. Mwili ukaja kuonekana 1982 huko Staten Island. Kosa lake lilikuwa kumwamini Donnie, na waliomuua ni Mafia wenzake, siyo FBI. Kwenye muvi Sonny kabaki mzima, kifo chake kapewa Lefty. Labda kwa sababu Pacino analiza zaidi, nani ajuaye.

Tuje kwa kachero. Jina lake Joseph Pistone, aliingia 1976 akatoka 1981, na kazi yake ilisaidia kuwatia hatiani watu zaidi ya 100. Genge likatangaza dola 500,000 kwa atakayemuua. Serikali ikampa bonasi ya dola 500. Muvi haijadanganya hapo, Depp anapokea medali na cheki uso umemkauka kabisa.

Siyo kwamba jamaa ni malaika. Kwenye muvi anarudi nyumbani kama mgeni, mpaka anamzaba mkewe kibao. Huyo mke, kaigiza Anne Heche, kalea mabinti watatu peke yake huku mumewe anakula Krismasi na majambazi, na familia ya kweli iliishia kuhama na kuishi kwa majina ya bandia. Hakuua mtu, hakujiunga na genge lolote. Staa wetu kamruka, kaenda moja kwa moja kwa muuaji wa watu 26 na kumuita mshkaji.