Hiyo 12.5 Imetoka Wapi?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia

Mheshimiwa Waziri,

Naomba nianze na kaunta buku la baba yangu.

Baba alifundisha shule za msingi wilayani Rungwe kwa miezi 406. Alistaafu baada ya Julai 2022, kikokotoo kipya cha pensheni kikiwa kimeshaanza kutumika. Likizo ya Desemba nilipofika Tukuyu kumjulia hali, nilimkuta mezani, miwani imeshuka puani, anaandika kwa kalamu nyekundu kama alivyosahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa zaidi ya miaka 33. Mshahara wa mtu ni siri yake, kwa hiyo hapa nauweka milioni moja kamili kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Baba aligawanya miezi 406 kwa 580, kama kikokotoo kinavyotaka, akazidisha kwa milioni 12, akapata 8,400,000. Akazidisha kwa 12.5, zikawa milioni 105. Asilimia 33 ya hizo, kwa kanuni ya 2022, ndiyo mkupuo: shilingi 34,650,000. Asilimia 67 ya zile 8,400,000, ikigawanywa kwa miezi 12, ndiyo pensheni yake: shilingi 469,000 kwa mwezi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Nilipitia mstari kwa mstari, nikamwambia, "Baba, hesabu yako iko sahihi."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Najua iko sahihi, mwanangu. Nakuuliza, hii 12.5 imetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaizungushia duara jekundu, akafunga kaunta buku.

Mheshimiwa, nchi hii imebishana sana juu ya asilimia. Tunakumbuka Desemba 2018, Rais Magufuli alipositisha kanuni zilizotaka mkupuo uwe asilimia 25. Tukaja kwenye 33 mwaka 2022, na Juni 2024 Waziri wa Fedha akatangaza bungeni kwamba waliokuwa wakilipwa asilimia 50 kabla ya kushushwa hadi 33 watapandishwa hadi 40. Asilimia imezungumzwa na wabunge, vyama vya wafanyakazi na wazee wa vijiwe vya kahawa. Ile 12.5 sijasikia kijiwe kinachoiuliza, wala sikushangaa, maana hata mimi niliyesomea hisabati chuo kikuu nilijua kuizidisha tu.

Tangu siku ile nimejisomea. Namba ya aina hiyo hugeuza pensheni ya miaka ijayo kuwa fedha ya leo. Anayeipanga lazima akadirie wastaafu wataishi miaka mingapi baada ya kuacha kazi, na shilingi itakayolipwa miaka kumi ijayo ina thamani gani leo ikiwa mfuko unawekeza na unapata faida. Akikosea kwa kupunguza, mstaafu anapunjika. Akikosea kwa kuongeza, mfuko unakauka, na mwalimu kijana anayekatwa mchango leo hatakuta kitu. Fani ya kupima mambo hayo kwetu inaitwa takwimu bima. Hiyo ndiyo fani ninayotaka kuisomea shahada ya uzamili, na ndiyo sababu ya barua hii.

Fani yenyewe haikuzaliwa kwenye maghorofa ya makampuni. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia inaitwa kwa jina lake, alichapisha jedwali la uhai la watu wa mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Takwimu zilikusanywa na mchungaji wa mji huo, Caspar Neumann, kutoka kwenye kumbukumbu za waliozaliwa na waliokufa. Kwa jedwali hilo Halley alionyesha bei ya haki ya malipo ya kila mwaka kwa mtu wa umri fulani hadi anapofariki. Kwa maneno mengine, swali la baba yangu lilianza kujibiwa kwa daftari la mazishi.

Madaftari ya namna hiyo huku kwetu ni ya siku nyingi. Misheni ya Wamoravia ilianza Rungwe mwaka 1891. Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, Wakatoliki walifika kabla karne ya 19 haijaisha. Makanisa haya hubatiza, huzika na huandika. Ongeza rejesta za hospitali na za vifo, pamoja na sensa ya 2022, iliyohesabu watu zaidi ya milioni 2.3 mkoani Mbeya na karibu milioni 1.2 mkoani Iringa. Anayetafuta takwimu za uhai wa Mtanzania ana pa kuanzia bila kupanda basi la Dar es Salaam.

Tena huku kwetu jedwali la kuazima halifai. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe yalikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Tuliwazika walimu, wauguzi na madereva wakiwa bado vijana. Kisha dawa zikaja, na leo waliodhaniwa hawatafika hamsini wanafikia umri wa kustaafu na kulea wajukuu. Jedwali la miaka 20 iliyopita litatudanganya, na la Uingereza litatudanganya zaidi.

Pensheni ni mlango mmoja tu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na lazima apatikane mtu wa kupima kama mchango wa kaya ya Mbarali utatosha kulipia matibabu yake. Mkulima wa parachichi Rungwe anaambiwa akate bima ya mazao. Sakitu ikishuka Mufindi usiku mmoja wa Julai, nani amepima ni mara ngapi hushuka na hasara yake ni kiasi gani? Malori yanayoteremka mlima wa Kitonga kila siku yana bima. Hatari zote hizi tunaishi nazo sisi, lakini bei yake hupangwa mbali.

Shahada ya kwanza inapatikana: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo cha Usimamizi wa Fedha wanaifundisha. Uzamili niliutafuta Mbeya na Iringa, sikuupata. Nairobi upo. Lakini mwalimu mwenye watoto wawili, mkopo wa benki na vipindi 28 kwa wiki haendi Nairobi. Anaendelea kufundisha milinganyo, na swali la baba yake linabaki ndani ya duara jekundu.

Naomba mambo matatu, Mheshimiwa.

La kwanza, shahada ya uzamili ya takwimu bima ifundishwe kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, wakati wa likizo na mwisho wa wiki, ili walioajiriwa waweze kusoma. Mkwawa ni mtoto wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho tayari kina walimu wa fani hii. Mtoto akiazima jembe kwa mzazi si aibu.

La pili, wahadhiri. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, wenye dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, unajenga majengo, unafumua mitaala na kusomesha wahadhiri. Miongoni mwa wanaosomeshwa, wachache tu wa Mbeya na Iringa wapelekwe kwenye takwimu bima. Na mtaala ukiandikwa, uendane na mitihani ya bodi za kitaaluma za kimataifa, kwa sababu shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mtakwimu bima kamili. Ada za mitihani hiyo hulipwa kwa fedha za kigeni, na kila somo tutakalosamehewa ni mishahara iliyookolewa.

La tatu ni dogo, nami nalipenda kuliko yote: kila atakayehitimu aambatanishe na tasnifu yake kurasa mbili za Kiswahili ambazo mstaafu wa Tukuyu anaweza kuzisoma na kuzibishia. Mtu akielewa namba anaweza kuikataa kwa hoja au kuikubali kwa moyo mweupe. Asiyeielewa hubaki na kinyongo, na kinyongo cha watu waliofundisha taifa zima kusoma na kuhesabu ni kitu kizito.

Najua utaambiwa kazi zenyewe ziko Dar es Salaam. Ni kweli, ofisi nyingi ziko huko. Wanaochangia, wanaougua, wanaovuna na wanaostaafu wametapakaa nchi nzima, na wengine tuko huku kwenye baridi.

Pasaka nitakwenda tena Tukuyu. Baba atafungua kaunta buku lake kwenye ukurasa uleule.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa hisabati,
Iringa