Herufi J na Kumbukumbu ya Vidole

TAFAKURI ZA JUMAPILI
Na Salehe Mwinchande

Miongoni mwa watu wanaojishughulisha na kompyuta kwa mapenzi tu, bila malipo wala kutumwa na mwajiri, kuna desturi ambayo mtu wa nje huiona kuwa majivuno: mwenye mashine huipiga picha meza yake ya nyumbani, ikaonekana skrini, kibodi, sanduku la mashine yenyewe na hata namna nyaya zilivyopitishwa nyuma ya mguu wa meza, kisha akataja aina ya prosesa, yaani chipu inayotekeleza maagizo ya programu, pamoja na ukubwa wa kumbukumbu, ili wenzake watazame, wasifu na wakosoe. Aghalabu mazungumzo hayo hayachukui muda kabla ya kurudi nyuma miaka arobaini, ambapo mmoja wao huanza kuitaja mashine yake ya kwanza kwa upole wa mtu anayemtaja marehemu wa ukoo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuonyeshana meza na kukumbuka mashine kuukuu ni shughuli moja, na kwamba wapenzi hao, pamoja na utani unaowaandama, wamehifadhi kitu ambacho majumba ya makumbusho hayawezi kukihifadhi kwa kukiweka nyuma ya kioo, nacho ni ujuzi wa namna mashine ilivyotumika.

Desturi hiyo ina umri sawa na kompyuta ya nyumbani. Toleo la Januari 1975 la jarida la Marekani, Popular Electronics, lilibeba katika jalada lake picha ya Altair 8800, mashine iliyouzwa na kampuni ndogo ya MITS ya Albuquerque, New Mexico, kwa bei isiyofika dola 400 kwa aliyekubali kuletewa vipande na kuviunga mwenyewe kwa lehemu, yaani risasi inayoyeyushwa ili kushikanisha sehemu za saketi. Aliyefanikiwa kuiunga alijikuta na sanduku lisilo na kibodi wala skrini, lenye safu za swichi na taa ndogo nyekundu upande wa mbele, na kumbukumbu ya baiti 256, ambayo, kwa kuwa baiti moja hutosha kuweka herufi moja, isingeweza kubeba hata nusu ya aya hii. Mnunuzi alikuwa na haki kabisa ya kuuliza kitu hicho kinafanya nini.

Tarehe 5 Machi 1975 watu wapatao thelathini walikutana katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, kulitafutia swali hilo jibu, na mkutano huo ukawa mwanzo wa Homebrew Computer Club, klabu ambayo wanachama wake walileta mashine zao, wakazifungua mbele za watu na kupeana michoro ya saketi bila kutozana. Steve Wozniak alikuwamo siku hiyo, na bodi aliyoibuni baadaye, akaenda kuwaonyesha wenzake, ndiyo iliyouzwa mwaka 1976 kwa jina la Apple I. Hadithi hiyo imesimuliwa mno, kiasi cha kuwafanya watu wadhani kwamba thamani ya klabu ilikuwa kuzaa kampuni. Linaloeleza zaidi ni jambo la mwanachama mwingine, Steve Dompier, aliyegundua kwamba Altair yake ilitia kelele katika redio iliyokuwa karibu, kwa kuwa umeme unaowaka na kuzimika kwa kasi ndani ya saketi hutoa mawimbi ya redio wenyewe. Alitafuta ni hesabu ipi inayotoa sauti ipi, akaandika programu, akaiingiza mbele ya wenzake kwa kupandisha na kushusha swichi, namba moja baada ya nyingine, akaweka redio ndogo kando ya mashine, na wimbo wa The Beatles uitwao "The Fool on the Hill" ukasikika ukiendeshwa na sanduku lisilokuwa na spika wala sehemu yoyote iliyokusudiwa kutoa sauti.

Kwa kipimo cha biashara, tendo hilo halikuwa na faida. Kwa kipimo cha elimu, lilikuwa ushahidi kwamba mtu amemjua mnyama wake mpaka pumzi zake, na ushahidi wa aina hiyo hauna maana bila hadhira inayojua ugumu wake. Ndiyo maana mwenye meza hadi leo hatosheki kukaa na mashine yake peke yake. (Kwamba picha nyingi za siku hizi huonyesha taa za rangi kuliko kazi ya mwenye meza ni kweli, na wakongwe hulalamika, lakini hata katika ngoma za zamani hawakukosekana waliojali kanga kuliko hatua.)

Uingereza ndiko kumbukumbu hizi zilikoota mizizi mirefu zaidi, kwa sababu huko kompyuta iliingia mapema katika nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Clive Sinclair, mbunifu aliyependa vitu vidogo vya bei nafuu, aliuza ZX81 mwaka 1981 kwa pauni 69.95 ikiwa imekwisha kuungwa, na Aprili 1982 akatoa ZX Spectrum kwa pauni 125 kwa yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, na pauni 175 kwa ile ya kilobaiti 48, ambazo ni baiti 49,152. Bei hiyo ilipatikana kwa kuondoa kila kilichoweza kuondolewa, hata vitufe vikawa vya mpira, televisheni ya familia ikawa ndiyo skrini, na ghala la programu likawa redio kaseti ya kawaida. Katika ZX81, kumbukumbu ya ziada ilichomekwa mgongoni kama kijisanduku kilichoning'inia, nacho kikitikisika kidogo tu kazi ya jioni nzima ilipotea, hivyo wenye mashine wakawa wanakishikiza kwa ule ulimbo laini unaobandikia karatasi ukutani.

Meza ya wakati huo, ambayo mara nyingi ilikuwa ni zulia la sebuleni, inafaa kuangaliwa kwa karibu. Mtumiaji wa Spectrum alibonyeza herufi J mara moja, na neno zima LOAD, agizo la kupakia programu, likajiandika, kwa kuwa katika mashine hiyo kitufe kilibeba agizo kamili pamoja na herufi yake. Kisha akashikilia kitufe cha alama na kubonyeza P mara mbili ili kupata alama za mtajo, akabonyeza kitufe cha kuingiza, na hapo ndipo alipowasha kaseti. Ilitangulia sauti moja ndefu ya kuchoma masikio, huku kingo za skrini zikipigwa mistari ya nyekundu na samawati, na sauti ilipogeuka kuwa mkwaruzo, mistari ikawa ya buluu na njano, ishara kwamba data inaingia. Programu iliyojaza kumbukumbu ilichukua kama dakika tano, na ikiwa sauti ilikuwa juu mno au chini mno, au kichwa cha kusomea utepe kimekaa upande, kazi iliweza kukatika dakika ya nne, na mtoto akachukua bisibisi ndogo, akakizungusha kichwa hicho kidogo kidogo hadi mkwaruzo uwe mkali. Waliopita katika hali hiyo wanaweza kuwa wamesahau programu walizoziandika, lakini vidole vyao vingali vinajua kwamba J ndiyo mlango.

Kwa kuwa programu ilikuwa sauti, iliweza kusafiri popote sauti ilipofika. Shirika la utangazaji la Uholanzi, NOS, katika kipindi chake cha redio cha Hobbyscoop, lilirusha programu za kompyuta hewani, wasikilizaji wakizirekodi kwenye kaseti. Na kwa sababu kila mashine ilikuwa na lahaja yake ya BASIC, lugha ya programu waliyoanzia wanafunzi wengi, ikabuniwa BASICODE, aina ya lugha sanifu ambayo mashine za ukoo tofauti ziliweza kuielewa. Msomaji anayejua namna Kiunguja kilivyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu hatahitaji kuelezwa tija na gharama ya mpango huo, maana programu ilieleweka kote, lakini rangi na michoro ambayo kila mashine ilijivunia ililazimika kubaki nje.

Mashine hizo sasa zinaoza, na kuzitunza ni kazi ya fundi. Kapasita, vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme, huvuja majimaji yake yakala njia za shaba za bodi, na betri za kuchajiwa zilizolehemiwa juu ya bodi ya baadhi ya mashine, Amiga 2000 ya Commodore ikiwa mfano unaoogopwa, hufanya uharibifu huo kwa kasi zaidi. Plastiki nayo hugeuka njano, hali inayohusishwa na mionzi ya jua na kemikali zenye bromini zilizotiwa ili plastiki isishike moto haraka, na tangu mwaka 2008 wapenzi wamekuwa wakiirudishia weupe kwa kuipaka haidrojeni peroksaidi na kuianika juani. Wako wanaoona kwamba huko ni kumpaka mzee wanja, kwa kuwa unjano ni sehemu ya historia ya chombo. Hoja yao ina uzito, hasa kwa kuwa rangi hiyo huweza kurudi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaosema kwamba vyuma vyenyewe havihitajiki tena, kwa sababu kuna emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ya kisasa ijifanye mashine ya zamani na kutekeleza maagizo yake moja baada ya jingine. Ni kweli kwamba emuleta imeokoa programu nyingi ambazo tepu zake zilikuwa zinafutika, lakini wanaolitaja jambo hilo husahau kwamba emuleta nyingi ziliandikwa na wapenzi hao hao, wakiwa na mashine halisi mbele yao wakiipima, kwa kuwa vitabu vya watengenezaji havikueleza kila kitu, na tabia fulani za chipu zilijulikana kwa kuzijaribu tu. Nakala husahihishwa kwa kulinganishwa na asili, na asili ikishatupwa, kosa lililomo katika nakala hukaa humo likaonekana kuwa ndiyo historia.

Aidha, kumbukumbu hizi zimekwisha kuzaa vitu vya leo. Kampuni ya Acorn ya Cambridge ilitengeneza BBC Micro, iliyotoka Desemba 1981 na kuambatana na vipindi vya televisheni vya BBC vya kuufundisha umma kompyuta, na ndani ya kampuni hiyo Sophie Wilson na Steve Furber walibuni prosesa ya ARM, ambayo chipu yake ya kwanza ilifanya kazi Aprili 1985 na ambayo vizazi vyake vimo karibu katika kila simu janja iliyo mfukoni mwa abiria wa daladala. Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja iliyotolewa mwaka 2012, ilitokana na wasiwasi wa Eben Upton na wenzake kwamba vijana walioomba kusoma sayansi ya kompyuta Cambridge walikuwa wanapungua na hawakuwa tena na mazoea ya kuichokonoa mashine. Matoleo yake ya awali yakaitwa Model A na Model B, majina yaliyochukuliwa kutoka BBC Micro.

Tanzania haiwezi kuidai kumbukumbu hiyo ya miaka ya 1980, na sababu zake ni za kisera na za vitu vyenyewe. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu, amri iliyotolewa wakati wa uhaba mkubwa wa fedha za kigeni na baada ya serikali kuonja hasara ya mashine zake za awali. Hata kama Spectrum ingepenyezwa katika sanduku la msafiri, Bara hakukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na chake tangu miaka ya 1970, hivyo nyumba nyingi za Bara zisingekuwa na pa kuichomeka. Kumbukumbu ya hapa ni ya vitu vingine: Pentium za mtumba, kibodi iliyofutika herufi, kifuniko cha nailoni cha kuzuia vumbi, foleni katika intaneti kafe huku dakika zikihesabiwa. Hiyo ni historia kamili, na inaoza kwa kasi ile ile, kwa tofauti kwamba hapa sanduku lililokufa huuzwa kwa kilo, shaba na alumini yake zikatolewa, na lililobaki likachomwa.

Mfano wa kinachopotea upo karibu. Mwaka 2004 mradi uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizokuwa na menyu za Kiswahili, zikimwonyesha mtumiaji maneno ambayo wengi hawakuwahi kuyaona yakiandikwa juu ya skrini. Anayetaka kuyaona maneno hayo yalivyokaa katika menyu, na kupima kama karani wa wakati huo angeyaelewa, njia yenye uhakika ni kupata mashine ya miaka ile inayowaka, na mashine hiyo haitafutwi madukani Kariakoo, inatafutwa katika stoo ya shule au juu ya kabati la fundi ambaye hakuwa na moyo wa kuitupa. Ikipatikana, isiwashwe kabla fundi hajaikagua, maana kapasita zake zimezeeka. Betri ndogo ya saa nayo itakuwa imekufa, na kwa kuwa mifumo ya zamani ya kompyuta hizo ilihesabu tarehe za mafaili kuanzia mwaka 1980, baadhi yake huamka zikiwa hazijui ziko wapi katika wakati, zikaandika 1 Januari 1980: siku ambayo, bila kibali cha serikali, zisingeruhusiwa kushuka bandarini.