Tuangalie Pia Bomba Linapopoa

Jamani, nyuklia ikitajwa wengi huwaza mlipuko. Mimi huwaza bomba jembamba la aloi ya zirikoni, lenye ukuta usiofika milimita moja, linalobeba vidonge vya urani.

Maji ya kinu hulila bomba hilo polepole, na haidrojeni hupenya ndani ya chuma. Bomba likiwa na joto kali, haidrojeni huyeyuka humo. Likipoa, hugeuka vibamba vya haidraidi vinavyovunjika kama kigae. Kwa kawaida vibamba hulala kulizunguka bomba, na madhara huwa madogo.

Shida huja baadaye, fueli iliyotumika inapotolewa majini na kukaushwa. Joto hupanda na vibamba huyeyuka. Maji yaliyokuwa yakilibana bomba hayapo tena, ila gesi ya ndani ingali inasukuma. Msukumo ukiwa mkubwa, bomba likipoa vibamba vipya husimama, vikielekea kutoka ndani hadi nje. Ufa umepata njia. Haidrojeni haikuongezeka, mpangilio ndio uliobadilika. Kwa hiyo kupima kiasi chake pekee hakutoshi.

Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa 2003 uliweka kikomo cha nyuzi 400 za Selsiasi wakati wa kukausha na kuhifadhi fueli hiyo.

Kenya nayo inapanga kujenga kinu. Tusiulize megawati tu. Tuulize fueli iliyotumika itakaushwa kwa joto gani, na nani atasimamia inavyopoa. Wewe waonaje?