Sonona inayorudi: Tusimwongezee mgonjwa mzigo kwa maneno

Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumze juu ya ugonjwa ambao majumbani mwetu hupewa majina mengi: uvivu, kiburi, jini, imani haba. Madaktari wanauita sonona. Nami nataka hasa tuitazame ile sonona ambayo mtu alishapona, watu wakamshukuru Mwenyezi Mungu, kisha ikarudi.

Tuchukulie mfano wa mama aliyefiwa na mumewe. Baada ya eda akawa halali usingizi, hana hamu ya chakula, na hata watoto wake wakimchekesha hacheki. Akapelekwa hospitali, akapewa dawa na ushauri, na baada ya miezi kadhaa akarudi katika hali yake. Alipojiona mzima akaacha dawa bila kumuuliza daktari. Miaka miwili baadaye binti yake akafeli mtihani. Jambo ambalo mama mwingine angelia siku mbili kisha akanyamaza, yeye likamlaza kitandani mwezi mzima. Ndugu wale wale waliomhurumia mara ya kwanza sasa wanasema: "Mtihani wa mtoto tu ndio alale hivi? Huyu hana subira, imani yake ndogo."

Nasema wazi kwamba maneno hayo ni makosa, na tena yanalisha ugonjwa.

Kwa nini inarudi?

Takriban nusu ya watu waliowahi kuugua sonona mara moja huugua tena, na kila inaporudi, uwezekano wa kurudi tena huongezeka. Mara ya kwanza mara nyingi hutanguliwa na pigo kubwa kama msiba, talaka au kufukuzwa kazi. Lakini kadiri inavyojirudia, hata jambo dogo laweza kuiamsha. Mama yule hakulala kitandani kwa sababu ya mtihani peke yake. Mtihani ulifungua mlango uliokuwa umeegeshwa tu.

Daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba fikra za mgonjwa wa sonona huelekea pande tatu. Juu ya nafsi yake husema, "Mimi sifai." Juu ya dunia husema, "Kila kitu kiko dhidi yangu." Juu ya kesho husema, "Haitakuwa nafuu kamwe." Mgonjwa hazichagui fikra hizi. Zinakuja zenyewe, naye anaziona kuwa ni ukweli mtupu.

Ugonjwa unapopoa fikra hizi huweza kulala tu bila kufa. Ni kama njia ya miguu porini. Wa kwanza hupita kwa taabu, lakini ikishapitwa mara nyingi, mguu huifuata wenyewe hata gizani. Huzuni ndogo ikija, akili hushika njia ile ile: kutoka "mtoto amefeli" hadi "mimi ni mama mbaya", hadi "bora nisingekuwepo".

Lipo na jambo la pili, nalo ni kulirudia jambo moja kichwani usiku kucha: "Kwa nini mimi? Nilikosea wapi?" Mgonjwa hudhani anatafuta ufumbuzi, kumbe anazidi kuzama.

La tatu ni kumbukumbu. Muulize mgonjwa ni siku gani alifurahi, huenda akajibu tu, "Zamani nilikuwa nikifurahi." Kuitaja siku moja mahususi humwia vigumu. Basi hata mema aliyojaaliwa hayamsaidii, kwa kuwa hayafikii.

Sasa ewe ndugu, mtu ambaye ndani yake kuna sauti inayomwambia "hufai", ukimwambia "una imani haba" umefanya nini? Umeithibitisha ile sauti. Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakapofuka, naye alikuwa Mtume wa Allah. Nani atathubutu kusema alipungukiwa na imani? Swala na dua ni nguzo ya mgonjwa na tusimwondolee, lakini tusizigeuze fimbo ya kumchapia.

Tufanye nini?

Kwanza, tujiandae wakati wa uzima. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya hili zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Alishauri mtu akiwa na afya ajiwekee akiba ya fikra njema, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura. Basi mgonjwa akipata nafuu, kaeni naye muandike dalili za mwanzo: usingizi kukatika alfajiri na mapema, kukwepa watu, kuacha kupika. Zikidumu wiki mbili, arudi hospitali bila kungoja azidiwe.

Pili, dawa zisiachwe kwa sababu mtu amejisikia nafuu. Shirika la Afya Duniani linashauri ziendelee angalau miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, na aliyeugua mara nyingi huenda akahitaji muda mrefu zaidi. Ramadhani isiwe sababu ya kuziacha. Muone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani nyingi hutumika mara moja kwa siku na zaweza kupangwa usiku.

Tatu, yapo matibabu ya mazungumzo yanayomfundisha mgonjwa kuitambua fikra kuwa ni fikra tu, wala si hukumu. Utafiti wa Uingereza na Kanada uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia waliowahi kuugua mara tatu au zaidi. Kati ya waliopata huduma ya kawaida asilimia 66 waliugua tena, na kati ya waliofundishwa kuzitazama fikra zao bila kuzifuata ni asilimia 37. Ulizia huduma ya ushauri kwenye kliniki ya afya ya akili iliyo karibu nawe.

Nne, badala ya kumhubiria, mkumbushe kwa mambo mahususi: "Unaikumbuka ile Idi tuliyopika pamoja, watoto wakamwaga shurbati?" Mtoe nje kidogo, mpe kazi ndogo anayoiweza.

Mwisho, akisema anatamani kufa, usimkemee wala usimnyamazishe. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, homa ya malaria ikimrudia mtu hatusemi imani yake imepungua. Tunampeleka akapimwe. Na huyu naye tumtendee hivyo hivyo.

Wabillahi tawfiq.